Kinga ya kukunja: anza na tairi

Kinga yangu ya kwanza ya kukunja, yaani baiskeli, ilitembea wiki tatu, kisha ikaning'inia ukutani miezi mitano. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa akishusha vitu vya Ulaya kutoka kwenye kontena: magodoro, friji, baiskeli za watoto, na hiyo moja imekunjwa pembeni kama mbuzi aliyelala. Nyekundu, magurudumu madogo, breki zinashika. Niliikunjua, nikaizungusha uwanjani mara mbili, nikalipa bila kupatana sana. Wiki ya tatu, nikitoka kazini kuelekea Ruashi, kipande cha chuma kilichokuwa kimelala barabarani kilichana tairi la nyuma ubavuni, mkato wa urefu wa kidole.

Fundi mmoja wa Kenya (kwa wasomaji wa mbali: Kenya ni komini, yaani sehemu ya mji, hapa Lubumbashi) aliniletea tairi la baiskeli ya mtoto. Limeandikwa 16. Langu nalo limeandikwa 16. Akavuta, akapaka maji ya sabuni, akavuta tena mpaka jasho likamtoka. Tairi likagoma kuvuka ukingo wa rimu, kama shati la mtoto kwenye mabega ya baba yake. Mwishowe akaliweka chini. "Papa," akaniambia, "ii kinga ni muzuri, lakini mupira yake haiko."

Anayesoma akiwa Mombasa au Dodoma asidhani ninazungumzia chanjo. Kinga ndiyo baiskeli kwetu, na nitaiita hivyo mpaka mwisho. Tangu siku ile watu wakiniona na kinga inayokunjika huniuliza swali moja: inakuwa ndogo kiasi gani? Mimi ningeliweka swali hilo mwishoni kabisa. La kwanza, kwa mtu wa mji huu, ni: tairi lake linauzwa wapi?

Ubavuni mwa tairi huwa pana majina mawili. Moja ni la inchi, ambalo watu wote wanalisoma, na ndilo linalodanganya. Zamani inchi zilitaja kipenyo cha gurudumu zima likiwa na tairi lililojaa upepo. Tairi nene na tairi jembamba yanaweza kufikia kimo kilekile, lakini lile jembamba linahitaji rimu kubwa zaidi ndani yake. Kwa hiyo jina likabaki moja, rimu zikawa mbili, tatu, hata nne. Jina la pili ni la milimita, limeandikwa kwa herufi ndogo, mara nyingi limefunikwa na vumbi: 47-406, kwa mfano. Namba ya kwanza ni unene wa tairi. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokalia rimu, na hiyo ndiyo ya kuangalia. Namba hiyo ya pili ikitofautiana, tairi halivai, hata fundi awe na mikono ya chuma.

Langu lilikuwa 37-349. Baiskeli za watoto za inchi 16 kwa kawaida ni 305. Tofauti ya milimita 44, zaidi ya upana wa vidole viwili, na zote zinaitwa 16. Ukienda kwenye inchi 20 unakuta mtego uleule: kuna 406 na kuna 451. Tairi lililoandikwa 20 x 1.75 ni 406. Lililoandikwa 20 x 1 3/8 ni 451. Tena usifikiri kwamba 1.75 na 1 3/4 ni kitu kimoja kwa kuwa mwalimu wa hesabu alisema hivyo. Kwenye matairi si kitu kimoja: 20 x 1 3/4 ni rimu ya tatu kabisa, 419. Hata 28 tunazozizoea, zile za kinga kubwa nyeusi zinazoingiza makala (mkaa) mjini kutoka porini, ni 635, wakati 28 nyingi za kinga mpya za Ulaya ni 622.

Asubuhi moja nilizunguka sokoni kuhesabu kwa macho. Za 28 zimetundikwa kama vitunguu. Za 26 zipo. Za 20 za BMX, zile kinga za vijana za michezo, zipo, tena za rangi rangi, na BMX ni 406. Za 349 sikuona hata moja. Kinga za kukunja za inchi 20, zile za Dahon, za Tern na za viwanda vingi vya China visivyo na jina, kwa sehemu kubwa zinatumia 406. Brompton ya Uingereza, ambayo wengi wanaiona ndiyo mfalme wa kukunja, kwa kawaida inatumia 349, na nyingi zilizoigwa kutoka kwake zinatumia hiyohiyo. Basi mtu akinishika mkono kwenye kontena na kuniuliza achukue ipi, mimi nainama kwanza, nafuta vumbi ubavuni mwa tairi, nasoma. Ikiwa ni 406, tunaendelea kuongea. Ikiwa ni 349 au 451, namuuliza kama ana ndugu anayesafiri mara kwa mara.

Lipo jambo lingine linalolipa tairi uzito huo. Kinga kubwa ya 28 gurudumu lake linazunguka kama mara 445 katika kilomita moja. La 406 linazunguka kama mara 637. La 349 linafika kama mara 750. Kila kipande cha mpira kinagusa lami mara nyingi zaidi, kwa hiyo kinakwisha mapema zaidi. Maana yake, kinga yenye tairi la shida ndiyo hiyohiyo inayolihitaji mara kwa mara.

Tukiwa bado hapo chini, tazama na vali. Nyingi za kwetu ni nene, kama ya gari, au ile ya kizamani ya kinga nyeusi. Nyingine za Ulaya zina vali nyembamba yenye kichwa cha kufungua kwa vidole, na tundu lake kwenye rimu ni kama milimita 6.5 tu, wakati ile nene inataka kama 8.5. Tyubu ya vali nene haitapita hapo mpaka tundu litobolewe zaidi. Si kazi kubwa, lakini ujue kabla hujakwama njiani.

Sasa gurudumu dogo lenyewe. Watu wanacheka: "Papa, na haya magurudumu ya toroli utafika saa ngapi?" Wanadhani mwenye gurudumu dogo anapedali mara mbili kwa mwendo uleule. Kinachoamua ni gia ya mbele na ya nyuma zikihesabiwa pamoja na gurudumu. Kinga nyeusi yenye meno 44 mbele na 18 nyuma inakusogeza kama mita 5.5 kila pedali ikizunguka mara moja. Kinga ya inchi 20 yenye meno 52 mbele na 15 nyuma inakusogeza kama mita 5.4. Tofauti huioni. Tatizo linakuja kwa zile za bei ya chini ambazo mtengenezaji ameweka gia za kinga kubwa kwenye gurudumu dogo. Weka 44 na 18 kwenye inchi 20 na unapata mita 3.8 tu; hapo kweli miguu inazunguka kama cherehani na wenye miguu yao wanakutazama kwa huruma. Hesabu meno kabla ya kulipa. Gawanya ya mbele kwa ya nyuma ndogo kabisa. Kwa inchi 20, jibu likiwa chini ya 3, iache.

Penye ukweli katika kicheko chao ni kwenye mashimo. Gurudumu kubwa linapita juu ya shimo ambalo dogo linaingia na kugonga ukingo wa mbele. Ukitoka kwenye lami ya katikati ya mji na kuingia mitaa ya Katuba baada ya mvua za Januari, utalijua hilo kwa viganja vyako. Dawa yake ni tairi nene, milimita 47 au 50, lisilojazwa upepo hadi likawa jiwe. Kabla ya kununua, angalia kama uma wa mbele na madigadi vinaacha nafasi ya kidole juu ya tairi. Udongo wetu mwekundu ukilowa unanata kama bukari (ugali) ya jana. Ukijaa pale juu, gurudumu halizunguki, na utaibeba kinga begani badala ya yenyewe kukubeba wewe. Kwa upande wa faida, gurudumu dogo lina spoku fupi, na spoku fupi haipindi ovyo.

Kukunja kwenyewe kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni bawaba moja katikati ya fremu: kinga inajikunja kama kitabu, gurudumu la mbele linakuja kulala kando ya la nyuma, usukani unaanguka, kiti kinashuka. David Hon, mtu wa fizikia ya leza, alianzisha Dahon mwaka 1982 Marekani kwa kinga za namna hiyo, na nyingi unazoziona zinafuata njia hiyo. Ya pili ni ya Brompton: gurudumu la nyuma linajipindua chini ya fremu, kisha la mbele linakuja ubavuni. Andrew Ritchie alianza kuichora katikati ya miaka ya 1970 chumbani kwake London, na jina alilichukua kwenye kanisa la Brompton Oratory lililokuwa mbele ya dirisha lake. Tofauti ya namna hizi mbili haionekani dukani. Inaonekana ndani ya taksi-basi.

Brompton iliyokunjwa ina kama sentimita 65 kwa 59 kwa 27, na mnyororo unabaki katikati ya magurudumu mawili. Ile ya bawaba ya inchi 20 inafika kama 80 kwa 65 kwa 35, na mnyororo unabaki nje, upande wa kulia, unatazama suruali ya jirani yako. Ndani ya Hiace iliyojaa watu, jirani huyo ni mama aliyevaa liputa (kitenge) jipya anakwenda kanisani. Usiniulize nimejuaje. Tangu hapo nimeshona gunia la kitambaa kigumu lenye kamba ya kukaza mdomo, na kondakta anaona gunia tu, anadai nauli ya mzigo, tunabishana kidogo, nalipa nusu. Bila gunia anaona kinga, na kinga, anavyosema, haipandi gari.

Ila nikubali: napanda nayo taksi-basi mara chache. Mvua ikipiga jioni, au giza likinikuta. Faida ya kukunja niliyoiona kila siku ni nyingine: kinga inalala chini ya meza yangu kazini na nyuma ya mlango nyumbani. Siiachi kwa mlinzi, siifungi kwenye mti. Katika mji ambao kinga iliyoegeshwa inaweza kubadili mmiliki wakati unanunua vocha, hilo pekee linatosha kueleza kwa nini nakubali magurudumu madogo. Na kwa kazi hiyo, ukubwa wa 80 kwa 65 hauna shida hata kidogo. Ndiyo maana nasema swali la "ndogo kiasi gani" lingoje zamu yake.

Bawaba, hata hivyo, haingoji zamu. Ndiyo mahali ambapo kinga ya kukunja inakuwa kifo au usafiri. Shika breki ya mbele, sukuma kinga mbele na nyuma, na mkono mwingine uweke ncha ya kidole juu ya mstari ambapo nusu mbili za fremu zinakutana. Ukisikia kagongo kadogo, kuna ulegevu. Ulegevu wa bawaba mara nyingi unarekebishwa kwa kukaza skrubu ya kile kishikio. Kishikio kizuri kinataka nguvu ya kiganja kukifunga, kisifungwe kwa kidole kimoja. Fanya hivyo pia kwenye bawaba ya chini ya usukani, kwa sababu mlingoti wa usukani wa kinga hizi ni mrefu na wote unaegemea hapo. Kisha chukua kitambaa chenye mafuta ya taa, futa mahali pa kuchomelea karibu na bawaba, uangalie kwenye mwanga wa jua. Mstari mwembamba kama unywele kwenye rangi unaweza kuwa mkwaruzo. Ukipita kwenye chuma chenyewe ni ufa, na hapo unaaga kwa heshima unaondoka.

Ufa huo ndio unaonifanya nibebe sumaku. Ndiyo, sumaku, ile ya spika mbovu ya redio inatosha. Ikishika kwenye fremu, ni chuma. Isiposhika, kwa kawaida ni aluminiamu. Kinga ya aluminiamu ni nyepesi kidogo na haishiki kutu, na Ulaya wanaisifu. Hapa kwetu ninaiogopa kwa sababu moja: mchomeleaji wa mtaani, na vijiti vyake vya kuchomelea madirisha na mageti, hawezi kuiponya. Aluminiamu inataka mashine nyingine, gesi ya kuzuia hewa isiguse, na hata ikichomelewa vizuri, sehemu iliyopata moto inabaki dhaifu kuliko ilivyokuwa. Tena chuma mara nyingi kinapinda kwanza, kinakuonya. Aluminiamu inaweza kukaa kimya hadi siku inapokatika. Fremu ya Brompton kwa kawaida ni chuma. Baadhi ya Dahon ni chuma, nyingi ni aluminiamu. Sumaku itakuambia.

Uzito ni jambo watu wanalopenda kulinganisha kwenye karatasi: kilo 11, kilo 12, kilo 13. Chini ya hapo unalipia sana. Juu ya 14 utachoka kupandisha ngazi. Mimi sioni tofauti ya kilo moja ikiwa kwenye begi langu kuna chupa ya maji na chakula cha mchana. Muhimu zaidi ni uzito inaoweza kubeba. Nyingi zimepewa kikomo cha kilo 100 hadi 110, mwenye kinga na mzigo wake wote pamoja. Usiitazame kinga nyeusi ya makala, iliyoongezewa vyuma kwenye uma na inayosukumwa na magunia yake kutoka mbali, ukadhani hii nayo ni ndugu yake. Gunia la unga la kilo 25 nyuma, na mtu wa kilo 85 juu: umeshafika.

Kuhusu gia, Lubumbashi imetubariki. Mji uko juu kwenye mita kama 1,200, lakini umelala kama mkeka. Rafiki yangu wa Bukavu, anayepanda kutoka ziwani mpaka Kadutu kila jioni, atahitaji gia saba au nane na bado atashuka asukume. Sisi tatu zinatosha, hata moja. Swali ni gia za namna gani. Zile za nje, zenye mkono unaorusha mnyororo, kwenye gurudumu dogo zinaning'inia karibu sana na ardhi. Jiwe moja, rundo moja la matope, zimepinda. Zile zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu, kama zile za gia tatu za Sturmey-Archer, hazigusi kitu. Ya kati ni ya moja kwa moja, ya chini inapunguza robo, ya juu inaongeza theluthi. Zinavumilia vumbi na mvua miaka. Ubaya wake ni kwamba zikiharibika ndani, fundi wa kona atafungua, ataona meno madogo kama ya saa, atakuangalia, ataanza kufunga. Nimepima pande zote mbili na bado nachagua za ndani, kwa kuwa zinaharibika mara chache. Lakini anayetaka gia moja tu na breki ya kupedali nyuma simbishii hata kidogo. Breki za rimu za kawaida, ambazo raba zake zinauzwa kila mahali, ni bora kwetu kuliko zile za mafuta, ambazo mpira wake ukikunjika vibaya wakati wa kukunja kinga huna mtu wa kumwendea.

Safari ndiyo inayofanya wengine wanunue. Kwa basi la Likasi, kama kilomita 120, au la Kasumbalesa mpakani, kinga ndani ya gunia inaingia kwenye buti na masanduku ya wengine, na ukishuka huhitaji pikipiki. Iweke mwenyewe. Ukimwachia mpakiaji ataiweka chini na juu yake ataweka sanduku la mtu anayehama. Upande wa mnyororo uelekee juu, kwa sababu ule mkono wa gia ukigandamizwa ndio mwisho wake.

Kwa ndege, hesabu ni ya sentimita. Mashirika mengi yanapokea mzigo ambao urefu, upana na kimo vikijumlishwa havizidi 158, na uzito hauzidi kilo 23. Ile ya sentimita 65 kwa 59 kwa 27 inapata kama 151: inapita. Ya inchi 20 inapata kama 180: inaweza kutozwa kama mzigo mkubwa. Hapa Brompton inashinda bila ubishi, na anayepanda ndege pale Luano kila mwezi ana haki ya kuniacha mimi na ushauri wangu wa 406. Punguza upepo kidogo, toa pedali ikiwa zinatoka, funga nguo katikati ya fremu na usukani ili visisuguane.

Na za umeme, ambazo vijana wananitumia picha zake? Betri ya kinga ya namna hiyo mara nyingi ina wati-saa 250 au zaidi. Kwenye ndege ya abiria, betri ya lithiamu inayozidi 160 hairuhusiwi, na kuanzia 100 hadi 160 ni kwa ruhusa ya shirika. Kwa hiyo ni kinga ya kukunja isiyosafiri kwa ndege, nzito kama kilo 20, inayongoja umeme urudi nyumbani. Mimi bado sijashawishika.

Kabla hujalipa, panda. Si kuzunguka uwanjani kama nilivyofanya mimi. Inua kiti mpaka mguu ukaribie kunyooka pedali ikiwa chini, kisha tafuta ule mstari uliochorwa kwenye nguzo ya kiti: ukionekana nje, nguzo ni fupi kwako na siku moja itapasua fremu. Wengi wetu warefu tunakwama hapo. Nenda barabarani, achia mkono mmoja, usikie kama usukani unatetemeka. Gurudumu dogo lina wepesi wa kugeuka ambao siku ya kwanza unatisha na siku ya tatu unausahau. Kisha ikunje na uikunjue mara tano mbele ya muuzaji, hata akinuna.

Ile nyekundu ninayo bado. Shemeji yangu aliyekwenda Dubai kununua nguo alirudi na matairi mawili ya 349 yameviringishwa ndani ya sanduku, akanikabidhi na kunidai bia. Moja liko barabarani tangu Agosti. La pili liko juu ya kabati, limefungwa na gazeti. Likiisha hilo nalo, kinga itarudi ukutani, na jirani wa fundi yule pale Kenya ameshaniwekea moja ya 406, chuma, gia tatu, nguzo ya kiti ndefu. Bado tunapatana bei.